Divai Haikutengwa

Mzee Joachim alikuja kuulizia dumu kabla kaka yangu hajazikwa.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Nilikuwa nyuma ya nyumba nasugua masufuria ya msiba, na kule mbele, chini ya turubai la kuazima, watu walikaa kwenye mikeka wakizungumza kwa sauti ya chini. Mwili wa kaka ulikuwa bado hospitalini Mchukwi. Kanisa lilikuwa halijasema kama litamzika au halitamzika. Mzee Joachim ndiye mwenyekiti wa wazee wa kanisa letu hapa Kibiti, bwana shamba mstaafu, mtu wa heshima zake. Siku hiyo hakupita mbele kama wapitavyo watu. Alizungukia upande wa choo, akanijia na kofia yake mkononi.

"Pole, mwanangu Imani."

"Asante, Mzee. Pita mbele ukae."

"Nitapita." Akageuka kutazama kama kuna anayemfuata. "Nilikuwa nauliza tu. Lile dumu lake la bluu, siku hizi analiweka wapi?"

"Dumu gani?"

"La divai. Keshokutwa ni Meza ya Bwana, na kule kabatini hamna hata tone."

Sikumwelewa. Nilidhani msiba umenichanganya akili. "Mzee, divai ya Meza ya Bwana na kaka wapi na wapi?"

Alinitazama, na usoni mwake nikaona mshangao mkubwa kuliko wangu. "Kumbe hakukwambia?"

Sufuria lilinitoka mikononi. Maji ya majivu yakamrukia kwenye viatu vyake vilivyopigwa kiwi, na hakuvuta hata mguu.

Kaka yangu aliitwa Michael Ndahani. Alizaliwa Hombolo, Dodoma, katika nyumba iliyozungukwa na mizabibu pande zote. Kwetu ni nchi kavu, mvua yake ya kubahatisha, lakini mzabibu unaipenda nchi ile na unazaa mara mbili kwa mwaka. Baba alikuwa mkulima, na sehemu ya zabibu zake alizikamua mwenyewe. Michael akiwa mtoto baba alimwonjesha kwa ncha ya kijiko na kumwuliza, "Unasikia nini ulimini?" Watoto wengine tulisema chungu, au tamu, tukakimbilia kucheza. Yeye alifumba macho. "Hii inakumbusha mvua ya kwanza ikigonga vumbi," alisema siku moja. Na siku nyingine: "Hii imekasirika." Baba alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu si mkulima," alimwambia mama. "Huyu atakula kwa uongo wake."

Nafikiri uandishi wa kaka ulianzia kwenye kijiko kile.

Akasomea ualimu wa Kiswahili, na kituo chake cha kwanza kilikuwa Delta, mto unakoingia baharini. Kwenda huko unapanda boti Nyamisati, mnaingia kwenye vijito katikati ya mikoko, na mtu mgeni hajui tena kaskazini iko wapi. Shule yake ilikuwa kwenye kisiwa ambacho bamvua kubwa likija maji yanaingia mpaka uwanja wa mpira. Mgogo wa watu, ambaye alikua akiomba mvua, akajikuta analala juu ya maji. Alikwenda na kipandikizi cha mzabibu kimefungwa kwenye gunia lenye unyevu, akakipanda nyuma ya nyumba ya mwalimu. Chumvi ikakiua. Likizo akaleta kingine. Nacho kikafa. Aliyekuwa akiendesha boti ya shule, Hemedy, Mndengereko wa huko huko, alimwambia: "Mwalimu, wewe umekuja kufundisha au umekuja kuua miti?" Kuanzia siku ile wakawa watani. Mababu zao hawakuwahi kutaniana. Walijitungia utani wenyewe, na ukashika.

Kutoka kwenye mizabibu ile iliyokufa kaka alianza riwaya yake. Inahusu mtu wa bara aliyeng'ang'ania kupanda zabibu kwenye tope la chumvi, na mwanamke wa Delta aliyemwangalia kila siku akifanya ujinga huo. Aliiita *Mavuno Mawili*.

Baadaye alihamishiwa Kibiti, akamwoa Zawadi, muuguzi, mwanamke mpole. Mungu hakuwajalia watoto. Zawadi alipofariki tulimzika kwenye makaburi ya kanisa, na mimi nikaja na cherehani yangu nikae na kaka asije akafa kwa upweke. Ninashona barazani. Sare za shule, nguo za kwaya. Hata joho analovaa mchungaji wetu nimelishona mimi.

Nilipofika ndipo nilipoona anavyoandika. Mavuno yakifika Hombolo, binamu yetu alimtumia zabibu kwa basi, ndani ya ndoo zenye vifuniko. Kaka alizikamua kwa mikono, akazitia kwenye pipa la plastiki chumbani kwake, akafunika na kupitisha mpira mwembamba ambao ncha yake ya pili ilizama kwenye chupa ya maji. Divai ikianza kuchachuka, maji yale yanatoa povu moja moja, blup, blup, mchana kutwa. Kaka aliandika wakati huo tu. Akitoka shuleni anakaa karibu na pipa na kuandika mpaka giza. "Ikinyamaza, na mimi nanyamaza," alisema. Kisha ulikuja wakati wa kuihamisha kutoka chombo hadi chombo ili mashapo yabaki chini, na wakati huo ndio alisahihisha. Kila akihamisha divai, alipunguza maneno.

Mimi nimeokoka, na ninaimba kwaya. Harufu ile ilinikera.

"Kaka, nyumba inanuka kilabu."

"Kilabu hakinuki zabibu, mdogo wangu. Kilabu kinanuka jana."

Alikunywa bilauri moja Jumamosi jioni, akimaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Sikumwona hata siku moja akiyumba. Lakini nilimwombea, na nilimwambia kwamba ninamwombea, na yeye alinishukuru kwa adabu.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tukitoka kanisani alikuwa na swali lake. "Ya leo ilikuwaje?"

"Nini?"

"Divai ya Meza."

"Nzuri. Laini. Ile ndiyo divai iliyobarikiwa, si hayo makali yako ya kwenye pipa."

"Mh," alijibu, na kuingia chumbani kwake. Nilifikiri amechukia. Sasa najua alikuwa akicheka. Nililikumbuka lile "mh" siku ile nimeshika masufuria, na bado linanijia nikiwa kwenye cherehani, mguu unasimama wenyewe.

Riwaya ilimaliza miaka kabla haijapata mchapaji. Mchapaji mmoja wa Dar es Salaam aliipenda sana, akamwita ofisini. Alimwambia kitabu hiki kinaweza kuingia mashuleni, ila divai haitapita. Abadilishe. Huyo mtu wa bara apande mikwaju, na akikaa jioni anywe juisi ya ukwaju.

Kaka alirudi Kibiti, akaenda moja kwa moja kwa Bi Mwamini, mama yake Hemedy. Siku hizo Hemedy alikuwa ameacha maji, amehamia mjini hapa na mama yake, amekuwa fundi mwashi, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Bi Mwamini hajui kusoma. Kaka alikuwa akimsomea kila sura ili amrekebishe mambo ya Delta, na yeye hakuwa na huruma. "Hakuna mwanamke wa kwetu anayesema hivyo," alimkatiza. "Huyo umemwokota wapi?" Lakini ikifika sehemu ya divai bibi yule, mcha Mungu, swala tano, aliziba masikio kwa viganja. "Hayo ya pombe mimi simo. Ukimaliza nigonge goti."

Nilikuwa nimekaa nao siku kaka alipomweleza maneno ya mchapaji.

"Ukwaju?" Bi Mwamini akatoa viganja alivyokuwa ameshaviweka masikioni, ingawa hakuna kilichokuwa kimesomwa. "Mtu aliyeacha kwao, akafuata tope, mwanamke akamcheka, mti ukafa, akapanda tena. Yote hayo kwa ajili ya ukwaju? Si angeukwea tu hapo nyuma ya nyumba!"

"Ndivyo wanavyotaka, mama. Nikiitoa divai, wanachapa."

"Mimi hiyo kitu siigusi, na naomba Mungu aninusuru nayo. Lakini huyo mtu ndiyo iliyomlea. Ukiitoa, hutakuwa umebakiwa na mtu. Utakuwa umebakiwa na shati."

Kaka hakuitoa. Alipeleka kwingine, akakataliwa, akapeleka kwingine tena. Nywele zikaanza kumtoka. Mwaka jana mchapaji mdogo mmoja akaikubali kama ilivyo, na kaka kwa furaha akafanya jambo ambalo mtu mwenye hila asingelifanya. Alimpelekea mchungaji nakala aisome, akaomba kitabu kikitoka kiombewe mbele ya kanisa.

Wazee wakakisoma. Wakamwita.

Walimwuliza kama yeye mwenyewe hunywa. Akasema ndiyo, bilauri moja, Jumamosi. Akaanza kusema habari za harusi ya Kana, na mzee mmoja akamkata: "Mwalimu, usituletee Kana hapa. Kila mlevi anaijua Kana." Wakamtaka atubu mbele ya ushirika na akizuie kitabu kisichapwe. Alijibu kwamba kwenye toba ya bilauri wanaweza kumwongoza, yuko tayari kusikia, ila kitabu hatakizuia. Basi wakapiga kura, wakamtenga. Kwetu mtu aliyetengwa anaruhusiwa kuja ibadani, lakini hakaribii Meza ya Bwana, na akifa katika hali hiyo kanisa halimpigii kengele. Kaka aliendelea kuja kila Jumapili. Alikaa benchi la mwisho, na wakati wa Meza alitoka nje akasimama kwenye kivuli cha ukuta mpaka tumalize.

Jumatano ya wiki ile ya msiba alianguka kwenye ofisi ya walimu wakati wa mapumziko, kikombe cha chai mkononi. Walipomfikisha Mchukwi alikuwa ameshakata roho. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani. Barabarani watu walisema ni pombe. Siku mbili nzima sikuweza kulia. Nilikuwa kama mtu aliyepigwa kofi gizani, anayegeuka huku na huku kumtafuta aliyempiga.

Mama yetu yuko Hombolo, miguu haimbebi tena. Alipiga simu. "Alale karibu na mkewe, sawa. Lakini mchungaji avae joho, Imani. Wakimzika mwanangu bila joho kama mtu asiye na Mungu, mimi sitasinzia tena mpaka nimfuate."

Hapo ndipo tulipokuwa Mzee Joachim alipokuja kuulizia dumu.

Alinieleza palepale kwenye majivu. Mwaka ule wa mvua kubwa, barabara ilipokatika na magari ya Dar yakalala njiani, divai ya kanisa iliisha. Mzee alijua Michael ana pipa. Akamwendea kwa siri, akajaziwa. Waumini wakaisifu. Mwezi uliofuata akaona uvivu wa kutafuta kwingine, akarudi, na mwezi mwingine, mpaka ikawa desturi ya watu wawili.

"Na mlipomtenga, Mzee?"

Kofia ilikuwa ikizunguka vidoleni mwake. "Nilimwendea na aibu yangu. Nikamwambia, Mwalimu, nitatafuta kwingine. Akasema, 'Mzee, nimetengwa mimi. Divai haikutengwa.' Akanijazia."

Nilimwacha amesimama, nikaingia chumbani kwa kaka. Dumu la bluu lilikuwa nyuma ya mlango, limefunikwa kanga ya marehemu Zawadi. Lilikuwa limejaa. Alikuwa ameliandaa tayari kwa Jumapili.

Kila mfiwa wa Kikristo anajua kwamba kaburini husomwa historia ya marehemu: kuzaliwa, elimu, kazi, kuugua, kufa. Kazi ya kuiandika nilipewa mimi, kwa sababu nimefika kidato cha nne na ndimi ndugu pekee niliyekuwepo. Wazee walikuwa wamenitahadharisha mapema: mwalimu, basi, mambo ya vitabu na vileo yakae pembeni. Mchana ule niliandika hivi, na sikuongeza chumvi: *Marehemu alikuwa mwalimu, mwandishi wa riwaya, na mtengenezaji wa divai. Divai ya Meza ya Bwana ya kanisa letu aliitengeneza yeye, kabla ya kutengwa na baada ya kutengwa.*

Nikaipeleka nyumbani kwa mchungaji, kama desturi ilivyotaka.

Mchungaji wetu ni kijana wa Njombe, mhubiri mzuri, mtu asiyelala kwa ajili ya kondoo wake. Alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye sentensi ile akakaa.

"Hii ni nini, dada Imani?"

"Mwulize Mzee Joachim."

Akampigia simu, na Mzee akaja, maana hakuwa mbali. Mchungaji akamwonyesha karatasi kwa kidole.

"Kweli?"

"Kweli, Mchungaji."

"Na siku tunampigia kura?"

"Hata mwezi ule nilikwenda."

Mchungaji akafunika uso kwa mikono yote miwili. Alikaa hivyo mpaka mkewe akachungulia mlangoni na kurudi ndani. Alipofunua uso alikuwa kama aliyezeeka ghafla.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakinyanyua kile kikombe," alisema. "Nakinyanyua, na yeye yuko nje ya dirisha. Nilikuwa namwona shati."

Mzee Joachim akainamia kofia yake.

"Dada Imani, sikiliza. Kesho nitavaa joho. Kengele italia. Kwaya itaimba, na nitaongoza ibada yote mwanzo mpaka mwisho, na lawama za wazee nitazibeba mimi. Atazikwa kama mwana wa kanisa. Ila sentensi hii uitoe."

"Ni ya kweli, Mchungaji."

"Ndiyo maana itoe. Kuna watu wachanga kiimani watakwazika. Wataanza kujiuliza walikunywa nini miaka yote. Sentensi moja tu, dada. Mengine yote yaache."

Nilisema nitafikiri. Nilirudi kwa njia ya soko, na maneno yake yakatembea pamoja nami. Joho. Kengele. Mama asinzie. Kwa mfiwa ilikuwa zawadi kubwa, na nilikuwa nimeshaipokea moyoni kabla sijafika nyumbani. Hata nilianza kupanga namna ya kuiandika upya: mwalimu, nukta.

Bi Mwamini alikuwa chini ya turubai anachambua mchele na wanawake wenzake. Nikachuchumaa karibu naye, nikamwambia mambo yote kwa kunong'ona. Hakuonyesha kushangaa habari ya dumu. Aliposikia sharti la mchungaji ndipo alipoweka ungo chini.

"Mh! Kwa hiyo ukiitoa, watamzika."

"Ndiyo, mama."

"Na yule wa Dar alisemaje? Ukiitoa, tunachapa."

Sikuwa nimeyaona hayo. Nilikuwa nimetembea njia nzima nayo kichwani na sikuyaona.

"Sikufundishi dini yako," akasema, akarudia mchele wake. "Nakukumbusha tu nduguyo alikuwa mtu gani."

Jioni nilimpigia mchungaji simu nikamwambia sentensi inabaki. Akasema, "Basi mimi sina la kufanya," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. Kisha nikampigia mama. Nilimwambia joho halitakuwepo, na kwa nini. Nilisikia kuku wa Hombolo upande wa pili, halafu simu ikakatika, na sikujua kama ni mtandao au ni yeye.

Jumamosi saa nane tulimzika. Kengele haikulia. Ni kitu kigumu kukieleza, kengele isiyolia. Masikio yanaingoja, na kimya kile kinakupiga kifuani. Kaburi lilikuwa limechimbwa tangu asubuhi na Hemedy na vijana wa mtaani, Waislamu watupu, hakuna aliyewaomba. Jeneza lilipofika Hemedy alikaa juu ya lundo la mchanga, akatandaza miguu njia nzima.

"Hapiti mtu! Mgogo gani huyu anakufa mavuno hayajaiva? Ameua miti yetu yote kule Delta, sasa anataka tumpande yeye hapa! Atachipua kweli huyu?"

Watu wakacheka huku wanalia, ndivyo utani ulivyo. Hemedy mwenyewe alikuwa akilia kwa sauti, kamasi zinamtoka, na bado anatukana. Tulimwinua kwa mikono.

Mchungaji alikuja. Alivaa suti nyeusi, akasimama nyuma kabisa na mfuko mkononi. Waimbaji wenzangu walikuja wachache, bila sare, kama majirani tu. Mtoto wa binamu, aliyeingia asubuhi ile kwa basi, alishika simu juu, mama akisikiliza kutoka Hombolo.

Nikasoma. Hombolo, ualimu, Delta, Zawadi. Nilipofika kwenye divai ya Meza ya Bwana nilisoma polepole ili nisije nikaambiwa sikueleweka.

Tereza, mama wa kwaya, alishika mdomo wake kwa mkono kana kwamba anahisi bado kuna kitu kimebaki humo. Mtu akasema, "Yesu wangu!" Mzee mmoja, yuleyule wa Kana, akageuka akaenda zake katikati ya makaburi bila kuangalia anapokanyaga. Mwingine akaniuliza kwa sauti mbele ya watu wote, "Imani, unathubutu kusema uongo juu ya maiti?"

"Si uongo." Mzee Joachim alikuwa amesogea mbele, kofia mkononi. "Mimi ndiye niliyekuwa nalibeba dumu. Kwa mlango wa nyuma."

Akachukua koleo kutoka kwa Hemedy. Hemedy alimwachia, na watu wawili wale wakaanza kufukia, wakipokezana, na kwa muda mrefu hapakuwa na wa tatu. Ndipo mchungaji akapita katikati ya watu. Hakuvaa joho. Nimelishona mwenyewe, naijua kola yake. Niliiona ndani ya mfuko ikichungulia. Alipiga magoti kwenye mchanga na suti yake, akachota udongo kwa mkono, akamwaga, akaomba sala fupi ambayo haimo kwenye kitabu chetu cha ibada. Alimwita kaka "ndugu yetu". Tangu walipomtenga hakuna aliyemwita hivyo.

Nilipochukua simu, mama alikuwa bado yupo. "Nimesikia," alisema.

Kesho yake nilikwenda kanisani. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe, na juu yake hapakuwa na kikombe wala sahani. Mchungaji alisimama kando yake.

"Leo hakuna Meza ya Bwana," alisema. "Divai ipo, na mnajua iko wapi. Lakini tulimfukuza mwenye mkono ulioikamua, tukaendelea kuinywa. Sijui tunamwomba vipi radhi mtu aliyekwisha kulala. Mpaka tujue, mimi sitanyanyua kikombe."

Wengine walitoka. Wengine walibaki wamekaa hata ibada ilipokwisha, wakitazama kitambaa kile. Hadi ninapoandika, jambo hilo halijaamuliwa. Wazee wanakutana, wanaachana, wanakutana tena. Mimi ninasali, na sijui niwaombee wamalize upesi au wasimalize upesi. Dumu liko chini ya meza ya cherehani yangu. Mguu wangu wa kushoto hulikaribia nikikanyaga.

Vitabu vilifika kwa basi baada ya arobaini. Boksi moja, limefungwa kamba za katani. Nilichukua cha juu nikaenda nacho kwa Bi Mwamini kabla sijalionyesha kanisa wala shule. Jina la kaka lilikuwa kwenye jalada, na bibi alilipapasa kwa kidole kana kwamba lina joto.

"Aliniambia alibadilisha mwisho," akasema. "Nisomee huo."

Nilikaa kwenye mkeka nikasoma. Ni mzabibu mmoja unaoshika hatimaye, kwenye kisugulu ambako maji hayafiki, na mtu yule mzee wa bara anakamua zabibu zake chache mbele ya mwanamke aliyemcheka maisha yote. Anamimina kwenye bilauri. Hapo nikasita, kwa mazoea, nikamngoja Bi Mwamini azibe masikio.

Mikono yake ilikuwa mapajani, viganja juu.

"Soma," alisema.

Nikasoma.